Mama Alifika Bila Vumbi

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Mbeya mtakumbuka, Iringa ilikuwa karibu kwa ndege na mbali kwa basi. Baba alikuwa mfyeka majani wa uwanja wa ndege. Ndege ndogo ya barua ikiruka, mama alikuwa ndiyo kwanza anabandika maharage, na baba alituambia, "Kabla hayo hayajaiva, wenzenu wameshatua Nduli, kiwanja cha Iringa." Sasa uje kwenye basi! Siku mbili nzima, kulala Makambako kwenye baridi, mahindi ya kuchoma, na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Watoto wa leo wakikaa garini saa mbili simu haina chaji, wanasema wameteseka.

Kwa bibi yetu mzaa mama, pale Mlandege mjini Iringa, mgeni kutoka Mbeya hakuanza kwa kusalimiwa. Bibi alileta beseni la maji ya moto, akamwosha miguu kwa mikono yake, maji yakawa mekundu, ndipo salamu zikafuata. Jamani, nayatamani maji yale! Nilijiona mtu mkubwa.

Nikiwa darasa la pili ikaja simu ya maandishi: bibi mahututi. Baba alimwombea mama kiti kwenye ndege ya barua, rubani akakubali. Asubuhi ileile sisi na baba tukapanda basi. Mama aliondoka na kanga mpya, viatu vinang'aa. Gari lililokuja Nduli kuchukua barua likamshusha mlangoni Mlandege, na saa sita haijafika alikuwa kando ya kitanda cha mama yake.

Bibi akamtazama miguu.

"Kamwene, mwanangu. Umefika lini?"

"Sasa hivi, mama. Asubuhi nilikuwa Mbeya."

"Mbeya gani hiyo isiyo na vumbi? Umelala kwa nani, na mimi nakufa?"

Mama aliapa. Mle ndani hakuna aliyemwamini. Nani alishamwona mtu wa kwetu akishuka angani? "Baba watoto yuko njiani," akasema, "atakueleza mwenyewe." Bibi akageukia ukutani. Alfajiri akafariki.

Sisi tulifika jioni yake, tukakuta kaburi bichi, na mama akamweleza baba maneno ya bibi. Baba hakungoja kuoshwa miguu. Alikwenda moja kwa moja kaburini, uso mwekundu kwa vumbi, akasema kwa sauti, "Mama, binti yako hakulala kwa mtu. Mimi ndiye niliyempandisha ndege jana." Mama alilia mpaka nikaogopa.

Siku hizi wajukuu wangu hunisomea kilomita na dakika kwenye simu, na ndege ikichelewa kidogo wananuna. Nawacheka, lakini moyoni nazitamani siku zile, pamoja na uchungu wake, maana mtu akifika ilionekana kweli ametoka mbali. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakupanda ndege tena, na kila alipoulizwa kutoka Mbeya hadi Iringa ni mwendo wa muda gani, alijibu, "Siku mbili."