Gunia Mdomoni mwa Pampu

Mwaka 1976 Laurentia, Mama Tereza kwa wanakijiji, ndiye aliyeangalia pampu ya kijiji cha ujamaa, kando ya Mto Ruvu, upande wa Mlandizi. Shule hakuiona. Herufi alizipata ukubwani, kwenye kisomo. Lakini pampu ile aliijua kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi.

Ndani ya pampu kuna gurudumu lenye mapanga, ndilo linalosukuma maji hadi shambani. Msimu ule magurudumu mawili yaliliwa, hakuna lililomaliza mwezi. La tatu lilipofungwa, wilaya ikatoa neno: na hili likiliwa, pampu inahamia kijiji kingine. Miche ya mpunga ilikuwa ndiyo kwanza imepandikizwa. Bila maji, basi tena.

Mwenyekiti Kondo alisema mchawi ni mchanga. Tangu mwanzo wa msimu kamati ilikuwa imefunga gunia kwenye mdomo wa bomba mtoni, tabaka tatu, ili kuuzuia. Hata hivyo pampu ilinguruma kama kokoto ndani ya debe. Inanyamaza, inaanza tena.

"Kokoto hizo zinapita wapi, na gunia lipo?" Laurentia aliuliza.

"Mama Tereza, wewe tia dizeli," Kondo akasema. "Mambo ya chuma tuachie wanaume."

"Nawaachia. Mmeshamaliza mawili."

Watu wakacheka. Kondo naye, kwa shingo upande.

Laurentia akaenda nyuma ya ghala, akaliokota gurudumu bovu, akalipapasa. Jembe likiliwa na mchanga huwa laini, linang'aa. Hili lilikuwa na vitundu kama hindi lililobunguliwa, tena mgongoni mwa panga, mahali ambapo mchanga haupigi. Kesho yake alipunguza mafuta kidogo, injini ikaenda polepole. Kelele ikapungua. Akaongeza, ikarudi. Akaelewa: pampu ina kiu, inavuta isichokipata.

Aliingia mtoni na kisu, akalikata gunia lote, likabaki chujio la waya lililokuwa chini yake. Hakumwuliza mtu. Alipowasha, pampu ilitoa sauti moja tu, ya chini.

Kondo akaja mbio. "Hili likiliwa, utasimama wewe mbele ya wilaya."

"Nitasimama."

Siku arobaini alishinda pale, chakula analetewa na mumewe. Mto ukishuka, anapunguza mafuta, hata watu wa shambani wakinung'unika.

Fundi Gregori wa wilaya akaja na lori, tayari kuipakia pampu, na Kondo akamweleza kwamba gunia limetolewa. Alifungua pampu, akapitisha kidole mgongoni mwa panga. Akapitisha tena: hakuna hata kitundu.

"Nani alitoa gunia?"

"Mimi, ndugu fundi."

Gregori akamgeukia Kondo. "Maji yakikabwa huku yanavutwa, yanatoa mapovu. Povu likipasuka juu ya chuma, linadonoa kama nyundo. Mchanga ulisingiziwa, mwenyekiti. Mlikuwa mnaikaba."

Kondo akamtazama Laurentia. "Haya, Mama Tereza. Amri yako ni ipi?"

"Mtu asiguse mdomo wa bomba."

Lori likarudi wilayani tupu. Laurentia akakaza nati, akawasha, akasimama akisikiliza mpaka maji yalipofika kwenye mpunga.