Bega la Mwalimu wa Kwaya

Kilichonitoa Bukoba ni mkono wa kulia. Kwa wiki tatu haukupanda kupita kifua, na mwalimu wa kwaya asiyeweza kuinua mkono ni kituko. Nilijaribu kuongoza kwa wa kushoto. Sauti ya kwanza wakaingia mahali pa besi, na watu wakacheka hadi wakakaa chini. Sikukuu ya parokia ilikuwa Jumapili iliyofuata. Daktari alisema misuli imekaza tu, nikakandwe na mtu aliyesomea kazi hiyo. Mdogo wangu Jovita, anayeishi Kampala, akanipigia: "Njoo huku, dada. Ninaye mkandaji wangu."

Jumatano alfajiri nilipanda basi. Mpakani Mutukula tukagongewa mihuri, na jioni nilikuwa Kyebando, mezani kwa Jovita. Matoke yalikosa chumvi. Aliponiuliza, nikasema yako sawa kabisa, maana sisi tumelelewa hivyo, mgeni hakosoi.

Alhamisi saa nne asubuhi alinipeleka Kyambogo, kwenye chumba safi ghorofani. Mkandaji, Akello, ni binti wa polisi. Kiswahili alikipata kambini. Kwanza aliniuliza kuhusu presha, sukari na dawa ninazotumia. Kisha akatoka nje nivue nguo, nikalala kifudifudi chini ya shuka. Aibu niliyobeba kutoka Bukoba ikaisha hapo, kwa sababu alifunua bega peke yake. Mafuta yalikuwa ya uvuguvugu.

"Nguvu iko sawa, mama?"

"Sawa."

Akaongeza. Machozi yakanitoka. "Na hii?"

"Sawa kabisa, mwanangu."

Mikono ikasimama. "Mama, mdomo yako nasema sawa, lakini vidole ya miguu imejikunja yote. Mimi nafuata gani?"

Kicheko kikanishika. "Unaniua, mwanangu!"

"Eee! Sasa tunafanya kazi."

Akapunguza. Kila alipouliza nilijibu kweli: hapo ndipo, shuka kidogo, hapo taratibu. Fundo likaanza kulegea, nami nikasinzia hadi nikakoroma. Mwishoni alinipa maji ya kunywa, akaniambia kesho bega litauma kama la mtu aliyelima, nisiogope. Nilipoinua mkono ukagusa sikio. Nilimkumbatia na mafuta yangu yote.

Mchana, mezani, nikamwomba Jovita chumvi. "Hatimaye!" akasema.

Ijumaa nilirudi nyumbani, na kweli bega liliuma kidogo. Jumamosi, mazoezini, mkono ulipanda hadi juu ya kichwa, na kwaya nzima ikapiga vigelegele. Tukaimba wimbo wa kuingilia. Nikawauliza sauti ya kwanza kama wako vizuri.

"Sawa, mwalimu," wakajibu kwa adabu.

Nikawatazama shingoni. Mishipa imewatoka.

"Semeni kweli. Nani anaumia?"

Wakatazamana. Kisha wakapasuka kwa pamoja: "Juu mno, mwalimu! Tangu mwaka jana!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaushusha wimbo, nikainua mkono wote, wakaingia pamoja.