Sifuri Kwenye Kivuko

Breki zililia hatua chache kutoka niliposimama, na picha iliyokuwa mkononi mwangu haikutikisika. Droni haina masikio. Nilikuwa nimeinamia kioo cha rimoti, nikiitazama barabara ya kuelekea soko la Marikiti kutoka juu ya mapaa, na kwa nukta moja nilitamani kuamini kwamba sauti ile ilitoka barabara nyingine.

Nilipoinua macho, pikapu iliyojaa viazi ilikuwa imesimama, pua yake juu ya kivuko cha shule. Mbele yake alikuwa msichana wa darasa la pili, pengine la tatu, ushungi mweupe kichwani, kiganja amekibandika kwenye boneti kana kwamba ndiye aliyeisimamisha.

"Baba, hukuona watu?" alimwuliza dereva.

"Nawe huvuki upesi?"

"Nina miguu miwili tu, baba. Wewe una magurudumu manne, na breki."

Akavuka. Niliyebaki kando ya barabara ni mimi, mwanafunzi wa uzamili, mwenye kibali cha kurusha droni na kazi ya kupima usalama wa watoto barabarani.

Alasiri hiyo nilifungua jedwali langu. Programu humtambua kila mtembeaji katika video, humchorea kisanduku cha njano, kisha hujumlisha visanduku. Katika dakika ya breki, kwenye kivuko, iliandika sifuri. Niliirudia video mara tatu kabla ya kukubali kwamba macho yangu hayakunidanganya. Wala hofu yangu haikuwa ya dakika hiyo moja. Jedwali la wiki zilizotangulia lilikuwa limekwisha kufika kwa kamati ya barabara, ambayo ingekutana asubuhi iliyofuata kuamua ni shule zipi zijengewe matuta. Kwa ushahidi wangu mimi, shule hii ilipendekezwa iachwe, kwa kuwa wasichana wake "hawatumii kivuko".

Khala yangu, mdogo wake mama, ambaye ninaishi kwake karibu na barabara ya Ndia Kuu, aliacha cherehani akaja kutazama. Yeye hushona sare za shule.

"Wavulana wana visanduku," alisema. "Wasichana nao wanavyo wakiwa kwenye lami. Wakifika kwenye milia ya kivuko, mbona vyatoweka?"

Nilimkuzia picha ya kivuko.

"Ushungi mweupe juu ya rangi nyeupe, mwanangu. Uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, mimi huutafuta kwa miwani. Chombo chenu cha ghali hakina miwani?"

Nilicheka kwa aibu. Kivuko kilikuwa kimepakwa rangi upya, na kutoka juu msichana hana uso wala miguu. Ni ushungi tu. Niliiweka programu kando nikawahesabu mwenyewe, kidole juu ya kioo. Kila asubuhi niliyoirekodi walikuwapo, wakivuka pale pale walipofundishwa kuvukia. Walitii, nasi tukawaandika kuwa wakaidi.

Nilimwandikia msimamizi wangu. Jibu lilikuja upesi: "Hitilafu ndogo. Tutaiweka kwenye tanbihi ya tasnifu. Usiwapigie watu wa kamati. Jina la idara limo kwenye ripoti."

Nililipima neno "ndogo" kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, kama ilivyo desturi yangu. Niliandika maneno ya kuiambia kamati kwa simu, nikafuta "hitilafu" nikaweka "kosa", kisha nikairudisha "hitilafu". Lakini tanbihi husomwa na watahini. Sijapata kumwona dereva wa viazi akipunguza mwendo kwa sababu ya tanbihi.

"Utaandika mpaka maghribi?" khala aliuliza. "Ofisi zafungwa."

"Msimamizi anaweza kuikataa tasnifu yangu."

"Basi utanisaidia kutia vifungo. Piga."

Nilifuta "hitilafu" kwa mara ya mwisho, nikampigia mhandisi wa kamati, yule aliyelipokea jedwali kutoka kwangu.

"Assalaam aleikum, mhandisi. Ile shule mliyopendekeza kuiacha, msiiache. Wasichana wanatumia kivuko. Hesabu yangu ndiyo haikuwaona. Kosa ni langu, na video ninazo."

"Msimamizi wako anajua kwamba unanipigia?"

"Amenikataza," nilisema. "Nikuletee video sasa hivi, au kesho kabla ya kikao?"