Ngano ya Kupanda Niliyoisaga Mimi

Mkiweka haya kwenye ukurasa wenu, jina langu lifichwe kabisa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, nimeolewa upande wa Mitaboni, na kanisani ndimi ninayeongoza akina mama. Majina ya watu hapa nimeyabadilisha. Kuna jambo nimelificha zaidi ya miaka ishirini na sasa limenifika shingoni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ukame ulitupiga vibaya. Mume wangu alikuwa kibarua huko Athi River, leo kazi iko, kesho hakuna. Unga wa ngano wa pakiti ulikuwa wa wenye pesa, na kwetu Jumapili bila chapati haikuwa Jumapili. Nikanunua kinu cha mkono cha mtumba soko la Tala, kile cha chuma unachofunga kwenye meza na kuzungusha. Ngano nzima ilikuwa rahisi kuliko unga. Nilikuwa naichagua mawe, naiosha, naianika kwenye gunia hadi ikauke, kisha naisaga mara mbili, kwanza kinu kimelegezwa, halafu kimekazwa. Pumba zilizobaki kwenye chekeche ziliingia kwa uji. Bega liliuma, lakini chapati zilitoka za kahawia, za kushibisha, na mama mkwe akasema hataki tena zile nyeupe. Nilijiona mjanja kuliko wake wote wa boma lile.

Njaa ilipozidi, hata ngano nzima ikapanda bei. Siku moja Tala nikamkuta mwanamume akiuza ngano kwa nusu ya bei. Ilikuwa nyekundu, imepakwa dawa. Aliniambia wazi kwamba ni ya kupanda, si ya kula. Nikamjibu najua. Kwetu wakati wa njaa watu waliosha mbegu ya mahindi yenye dawa wakapika. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo na sikufa. Kwa hivyo niliiosha mara nne mpaka rangi ikaisha kwenye maji, nikaona imetosha.

Mke wa shemeji yangu, nitamwita Syombua, alinikuta nikimwaga beseni la pili. Akaniuliza mbona maji ni mekundu. Nikamwambia ni aina mpya ya ngano. Alikuwa msichana mpole, na mtoto wa miezi mitatu mgongoni, akaamini.

Jumapili iliyofuata nilipika chapati za ngano hiyo, Syombua akapika mchuzi wa ndengu. Desturi yetu ni kwamba wapishi wanakula mwisho, baada ya wazee na watoto. Kabla ya zamu yetu kufika, mama mkwe akaanza kutapika. Watoto wangu wawili wakafuata, kisha mume wangu, mikono ikitetemeka na jasho likiwatoka. Hao walipona. Mama mkwe alikuwa amekula nne kwa vile alizipenda, naye alikata roho njiani tukimpeleka zahanati. Mimi nilijua palepale. Tuliporudi nilimwaga unga uliobaki chooni, nikaosha kinu.

Wiki iliyotangulia Syombua alikuwa amekosana na mama mkwe juu ya kipande cha shamba. Na siku ile hakuwa ametia kitu mdomoni. Mimi pia sikuwa nimekula, lakini mimi sikuwa na ugomvi na mtu. Baada ya mazishi wazee wa ukoo waliketi wakasema ndengu ziliwekwa kitu, na kwetu mtu akishaitwa mchawi hakuna anayeuliza mara ya pili. Syombua hakulia. Alinigeukia mbele ya watu wote.

"Mama Mutuku, waambie yale maji yalikuwa mekundu."

Mume wangu akaniangalia. Nikasema, "Mimi sijui anaongea juu ya maji gani."

Walimfukuza mchana huohuo, nguo zake zikatupwa nje ya ua. Akarudi kwao Muthetheni na mtoto mgongoni, na shemeji akaoa mwingine. Nilijiambia nitasema ukweli hasira zikipoa. Zikapoa, nikaogopa zaidi. Nimekaa miaka yote hii nikisikia Syombua akiitwa mchawi, na mimi namimina chai. Najichukia kwa hilo.

Yule mtoto sasa ni mwanamke mzima, nitamwita Mwende. Wiki jana alikuja kwangu. Amepata mchumba, lakini wazee wa upande wa kijana wamesikia habari za mama yake na wanasema hawaoi kwa mchawi. Jumamosi wanakuja kuuliza ukoo wetu wenyewe. Atakayejibu ni mume wangu kwa sababu ndiye mkubwa, na mpaka leo anaamini Syombua alimuua mama yake.

Mwende aliketi jikoni kwangu. Aliniambia mama yake hajawahi kunisema vibaya hata siku moja. Kisha akashika mkono wangu.

"Mama hawezi kukanyaga hapa. Naomba Jumamosi wewe usimame mahali pake."

Nikamwambia nitasimama.

Nikisema ukweli, mume wangu atajua ni mkono wangu uliomuua mama yake, na kwamba nilimwacha mwanamke asiye na hatia afukuzwe kama mbwa. Sijui kama nitalala tena katika nyumba hii, wala watoto wangu wataniita nani. Nikinyamaza, huyu msichana atakosa ndoa kama mama yake alivyoipoteza, na safari hii nitakuwa nimesimama kando yake. Mnaotaka kunitukana nitukaneni, nimestahili. Lakini mkimaliza mniambie: Jumamosi nikisimama mbele ya wageni kama mama wa Mwende, nifungue kinywa niseme nini?