Kanzu ya Muosha

Kabla ya vita nililima mihogo Buguruni, mihogo minene hata mmoja unalisha harusi. Tukaandikishwa jeshini, mie na jirani yangu, tukapelekwa Burma. Yeye walimpa bunduki, mie wakanipa sufuria. Vita vyote vile, niliyemuua ni kuku.

Mwenzangu alifia huko mbele, kwa homa. Mie nilikuwa nyuma, mwendo wa siku mbili, nachambua maharage. Habari nililetewa na dereva wa lori.

Niliporudi, baraza la kwao lilijaa watu, na mie nikipata wasikilizaji ulimi hauna breki. Nikasimulia nilivyombeba mgongoni kuvuka mto wa mamba. Mama yake akanikatiza taratibu.

"Mwanangu, ya mamba baadaye. Alioshwa?"

Kusema sijui kungekuwa rahisi, lakini ulimi ulishatangulia. Nikasema, "Nilimuosha kwa mikono hii, mama. Nikamswalia."

Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na kanzu ya Idi ya mwanawe, imekunjwa, inanukia udi. "Nguo za maiti ni za muosha. Haki yako hii."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa pili mumewe akafariki. Yule mama akaagiza, "Aliyemuosha mwanangu ndiye amuoshe na babake." Nikaingia nyuma ya pazia na mzee muosha wa mtaani. Nikateka maji kwa kata, nikamimina upande wa kushoto.

Mzee akanishika mkono. "Tunaanza upande wa kulia. Kule Burma ulianzia wapi, bwana askari?"

Mie, mwenye majibu ya kugawia mji mzima, nikainamia maji ya kwenye kata. Akanitazama mpaka akaelewa. Kisha akaniongoza kiungo kwa kiungo, kama mtoto anayefunzwa kula.

Tulipomaliza, sauti ya mama ikatoka chumbani: "Kamuosha vizuri?"

"Leo kamuosha vizuri," mzee akajibu.

Nguo za marehemu zilipoletwa, nilimwachia mzee zote. Ile kanzu ya mwenzangu bado imo sandukuni. Nimesoma shule ya jioni, naandika barua za mtaa mzima, lakini mistari miwili ya kumwandikia mama yake ukweli imenishinda. Nikimrudishia kanzu, nitakuwa nimemrudishia na swali lake la barazani.

Kila Idi ananiuliza mbona siivai. Namwambia nimenenepa.