Supu Isiyo na Mifupa

Juzi mama mboga wa hapa Tassia alinikatia dania, na ile harufu ikanirudisha utotoni, jikoni kwetu mtaani Jericho.

Mama alikuwa ametoka kujifungua, lakini alirudi mikono mitupu, akalala akiangalia ukuta. Jirani yetu, Mama Akinyi, ndiye aliyekuwa akipika. Alichemsha nyanya, akaziponda kwa mwiko, akazichuja kwa kichujio cha chai, kisha akanituma nichume dania kwenye kopo la mlangoni. Nyumba nzima ilinukia vizuri, na hilo ndilo lililozidi kunichanganya. Mtaani kwetu, mama akitoka kujifungua alipikiwa supu ya mifupa. Ilitokota tangu asubuhi huku mtoto akilia chumbani. Kwetu chumbani kulikuwa kimya.

"Mama Akinyi, mbona hii haina mifupa?"

"Ya mifupa ni ya kuleta maziwa," akasema, akikoroga sufuria. "Hii ni ya kumpa mama yako nguvu tu."

Leo najua kwa nini hakuniangalia. Wakati ule niliona wakubwa wamekosea jambo rahisi: mtoto amebaki hospitali kwa sababu hakuna maziwa, na maziwa hayapo kwa sababu hakuna aliyepika mifupa.

Nikakimbia hadi bucha, nikaomba mfupa, nikapewa mmoja uliofungwa kwa gazeti. Niliporudi, Mama Akinyi aliutazama, akaketi polepole kwenye kigoda.

"Umeleta nini?" Mama akauliza kutoka chumbani.

"Mfupa," nikamjibu. "Ukishakunywa supu yake, twende tukamchukue mtoto."