Mikono ya Shaba ya Mlango wa Nyanya

Shilingi elfu saba na mia nne. Nimezihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini na mara ya pili nilitaka mke wangu asikie. Hizo ndizo zilizokwenda kwa mikono miwili ya shaba ya kufungulia mlango wa chumbani, chuma kinachoiunganisha, fundi wa kwanza, fundi wa pili wa kurekebisha kazi ya wa kwanza, na chai ya wote wawili. Mlango wenyewe haumo kwenye hesabu. Ulikuja na nyumba hapa mtaani Mowlem, mwepesi kama karatasi ya kufungia maandazi. Na baada ya yote hayo, rafiki yangu, mikono inacheza kama meno ya mzee.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana ukisikia bei peke yake utadhani nimerogwa.

Mikono hiyo ilikuwa ya mlango wa chumba cha nyanya, mtaani Majengo. Nyumba ya udongo na bati, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi ua, ambako moshi wa makaa na harufu ya mahamri vilituamsha kabla ya jogoo wa jirani kukumbuka kazi yake. Milango mingine ilikuwa na komeo tu na pazia. Wa nyanya ulikuwa wa mvule, umepakwa rangi ya kijani, mzito hata upepo ukipita ulikuwa kama unauomba ruhusa. Babu ndiye aliyeileta mikono ile, kutoka jumba moja la mjini lililokuwa likibomolewa. Na alileta kila kitu chake: mikono miwili, chuma cha mraba kinachopenya mlango kutoka mkono hadi mkono, na kitasa chenyewe kilichozamishwa ndani ya ubao. Hayo maneno, "kila kitu chake", yaweke akilini. Nitayarudia nikiwa na uchungu.

Kazi yetu watoto, Alhamisi jioni, ilikuwa kuisugua kwa jivu na nusu ya ndimu ili Ijumaa iikute iking'aa. Kama ulikuwa na mchubuko kidoleni, ndimu iliutafuta mpaka ikaupata. Tulisugua huku tunapiga mayowe, nyanya akituambia shaba haisikii kelele, inasikia jivu.

Sasa sikiliza desturi ya mlango ule. Haukugongwa. "Mlango haugongwi," nyanya alikuwa akisema, "mlango huamkiwa. Anayegonga ni askari au mdai." Ulifika, ukaukandamiza mkono wa mlango nusu tu, ukauachia. Hiyo ndiyo hodi. Kwa kuwa mikono yote miwili ilishika chuma kimoja, wa ndani nao ulishuka na kupanda. Nyanya akiwa tayari, aliukandamiza wake vivyo hivyo, nawe ukauhisi ukishuka ndani ya kiganja chako: karibu. Kama bado anavaa, aliushika ukakaza, hauendi popote: ngoja. Na usipojibiwa kabisa, yuko juu ya mswala, nenda zako. Hakuna neno lililosemwa. Heshima yote ya nyumba ile ilipita kwenye kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja.

Sisi wajukuu, bila shaka, tulijaribu kushindana naye. Tukisikia "ngoja" mikononi, tunaning'inia kwenye mkono wa nje kama popo kwenye mwembe, yeye ndani ameushika wake kwa mkono mmoja, wa pili unafunga kanga. Jirani yetu wa chumba cha mbele, muuza mitumba wa soko la Gikomba, alipita na mzigo wake akitucheka.

"Vuteni! Na bado! Huyo mtamshinda siku atakayozikwa."

Siku hiyo ilipofika, mlango ulifunguka kirahisi. Hakuna aliyeshangilia.

Mama akarithi chumba, na miaka ilivyokwenda masikio yake yakaanza kuwa mazito. Redio ikapanda sauti, muadhini akawa anashukiwa kwamba siku hizi ananong'ona. Lakini chumbani kwake hakupungukiwa kitu. Alikaa kitandani, jicho kwenye mkono wa shaba. Ukishuka, ameona hodi. Akijibu, umeuhisi. Ungeweza kukaa naye mwezi mzima usijue hasikii.

Kisha nyumba ikauzwa, ghorofa zinakuja, na mama akahamia kwangu. Mlango wa chumba chake hapa ulikuwa na kitasa cha mviringo, vile vya kibonyezo katikati. Ukikizungusha cha nje, cha ndani hata hakina habari. Mke wangu akagonga siku moja, akagonga tena, akaita, kimya. Akaingia kwa hofu kwamba mzee ameanguka. Akamkuta wima, mzima kabisa, anabadilisha gauni.

Mama hakupiga kelele. Alingoja nirudi nyumbani.

"Mwanangu, hapa ni nyumbani au ni Gikomba? Kila mtu anafungua anatazama bidhaa."

"Mama, aligonga. Hukusikia."

"Kwa hiyo kosa ni la masikio yangu." Akalivuta begi lake kando ya kitanda. "Mwezi wa Ramadhani ukiandama nami sina mlango, nitafuturu Shauri Moyo kwa mdogo wangu."

"Kwa mama mdogo ni chumba kimoja na wajukuu tele! Kuna pazia tu!"

"Sawasawa. Kule hakuna mlango, na hakuna anayenidanganya kwamba upo."

Kesho yake nilikuwa Majengo. Nyumba imeshavuliwa bati, mlango wa kijani umeegemezwa ukutani kama mgeni asiyejua akae wapi. Msimamizi wa wabomoaji aliona macho yangu yalikokwenda, akajua nimekuja kufanya nini.

"Hii ni seti, mzee. Mikono, chuma, na kitasa chake. Siuzi vipande."

"Kitasa nitanunua kipya. Kitasa chako kina kutu kuliko tangi la maji. Nitolee mikono na chuma."

"Mzee, hivi vilizaliwa pamoja."

"Hata mapacha huolewa nyumba mbalimbali."

Wabomoaji wakacheka, na ukishawachekesha watu bei inashuka, hiyo ni kanuni. Akanifungulia mikono, akachomoa chuma, kitasa kikabaki ndani ya ubao.

"Utarudi," akasema.

"Nikirudi unifungie mlango," nikamjibu, nikaondoka nimevimba kichwa kwa kupunguza bei. Babu alileta kila kitu chake. Mimi, mjukuu mwerevu, nikaacha kiungo cha katikati ili nibakishe nauli.

Umeshaona ninakoelekea. Nilinunua kitasa kipya, na chuma cha zamani ni kinene kuliko tundu lake. Fundi wa kwanza alikitazama, akapiga mluzi.

"Buda, usijali. Tunakipunguza kidogo tu."

Akakipiga tupa mpaka kikaingia. Kikaingia kweli, ila sasa mikono ya shaba ikawa inakizunguka kabla ya kukishika, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Fundi wa pili akakata kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, akakikunja akakitia kwenye nafasi. Ikakaza. Mama akatabasamu. Siku hiyo haijaisha, skrubu zikang'oka, maana mlango huu ni mbao mbili nyembamba na katikati hewa. Skrubu ilikuwa imeshika imani tu. Tukatoboa hadi upande wa pili tukafunga kwa nati. Mikono haing'oki tena. Lakini kile kipande cha kopo kimeshalegea, na kila ninachotia mahali pake hudumu mpaka fundi afike getini.

Nilirudi Majengo, naam. Mlango haupo. Msimamizi hata hakunisalimu. "Nilikwambia seti," akasema, akaelekeza kidevu upande wa Gikomba: mtu ameununua mzima, kitasa ndani, wa kibanda chake. Nimepita Gikomba kibanda kwa kibanda. Milango ya kijani iko tele kuliko nilivyowahi kudhani. Wenye vibanda wananitazama nikichungulia vitasa vyao kama mwizi mwenye adabu.

Leo asubuhi nilimpelekea mama chai. Nikaukandamiza mkono. Nikangoja. Hakuna kitu kiganjani. Nikaukandamiza tena, kwa nguvu kidogo, na mara hii ukakaza: ngoja. Nikangoja mpaka chai ikaota utando. Mwishowe mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

"Nimekwambia karibu zamani. Ukaniletea haraka, nikakwambia ungoje."

"Karibu haikunifikia, Mama."

Yangu ilifika kwa sababu nilitumia nguvu. Yake, ile nusu ya adabu aliyofundishwa na nyanya, ilipotelea njiani, kwenye ulegevu wa chuma nilichokubali kipigwe tupa.

Mama aliutazama mkono wa shaba, akautikisa ukagongana, akacheka kidogo. "Basi sasa tumekuwa viziwi wawili." Kisha akanywa chai yake ya baridi. Begi bado liko kando ya kitanda, limejaa, na zipu imefungwa.

Nyumba imekwenda, ukumbi umekwenda, wa kutusugulisha shaba amekwenda, na hayo sikuwa na uwezo nayo. Lakini kiganja kile kilichonijibu upande wa pili wa ubao nilikuwa nacho mkononi, nikakigawa vipande kwa kupenda ushindi wa sokoni.

Mwezi haujaandama. Kama unajua namna ya kukaza chuma kilicholika, ambayo bado sijaijaribu, niambie leo. Na kama ni wewe uliyenunua mlango wa kijani wa mvule, au unamjua aliyeununua, mwambie nakitaka kitasa kilichomo ndani. Akikataa kuuza vipande, nitachukua mlango mzima. Ataje bei yake. Sitapunguza.